Gonga Bati Usikilize: Miaka Yangu 12 na Jensen Interceptor

Tangazo nililolisoma mwaka 2011 lilikuwa na mistari minne. Jensen Interceptor ya 1970, rangi ya buluu iliyokolea, injini nzuri, bodi imara, inahitaji kazi ndogo tu ya kumalizia. Bei pauni 9,500. Nililisoma nimesimama jikoni, chai inapoa mezani, na kabla sijafika mstari wa mwisho nilikuwa nimeshaanza kuhesabu akiba yangu.

Mwaka 2023 ikawa zamu yangu kuandika tangazo la gari lile lile. Lilinichukua wiki tatu. Yaliyotokea kati ya matangazo hayo mawili ndiyo ninayotaka kuyasimulia, maana vijana wetu walioko huku Uingereza hunipigia simu kila mara wakitaka kununua gari la zamani la Kiingereza, na wote huniuliza kuhusu injini. Kuhusu bodi hawaniulizi.

Mimi ni fundi wa bodi. Nimezaliwa Tanga na kazi nimejifunza Ngamiani, kwenye gereji ya uani yenye mwembe mmoja na mashine moja ya kuchomelea. Tanga chumvi ya bahari iko hewani usiku na mchana, na bati linaliwa hata gari likiwa limesimama. Mwalimu wangu, mzee aliyekuwa ametengeneza malori ya Bedford ya mashamba ya mkonge tangu ujana wake, hakuwa anaangalia rangi mteja akileta gari. Alikuwa anakunja kidole cha kati na kugonga, kuanzia madigadi ya mbele mpaka kwenye buti, polepole, kichwa amekiinamisha kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. "Bati linaitika," alituambia. "Puti haiitiki." Puti ni ile rojo ya kuzibia mashimo na mabonde ya bati kabla ya kupaka rangi.

Nilihamia Uingereza mwaka 1994 nikapata kazi kwenye karakana ya bodi Smethwick, karibu na Birmingham, jirani kabisa na West Bromwich. Huku hakuna bahari karibu, lakini chumvi ipo: kila msimu wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isigande, na chumvi ile inarushwa na matairi mpaka kwenye kila kona ya chini ya gari. Nilipoona mara ya kwanza gari la miaka minane limetoboka chini, nilijiona niko nyumbani.

Mara ya kwanza kuona Interceptor ilikuwa kwenye taa za barabarani, mwaka 1998. Lilisimama mbele ya basi nililopanda. Nilichoona kwanza ni kioo cha nyuma. Ni kioo kimoja kikubwa kilichopinda, kinaanzia juu ya paa na kushuka mpaka karibu na taa za nyuma, na kinafunguka chote kama kifuniko cha sanduku. Sijawahi kuona kioo cha namna ile kwenye gari jingine nikakipenda kiasi kile. Taa zikageuka kijani, gari likaondoka bila haraka yoyote, na sauti yake ikabaki kwenye vioo vya basi.

Kesho yake nilipouliza kazini, fundi mwenzangu alicheka akaniambia gari lile lilitengenezwa hapa hapa, Kelvin Way, West Bromwich. Nilikuwa napita barabara ile. Kampuni ya Jensen ilianzishwa na ndugu wawili, Alan na Richard Jensen, na kwa miaka mingi mkate wake mkubwa ulikuwa kazi za watu: waliunda bodi za Austin-Healey, wakaunganisha Volvo P1800 za mwanzo, wakaunganisha Sunbeam Tiger. Magari yao wenyewe walikuwa wanatengeneza machache. Kwa Interceptor walikwenda kuchukua umbo kwa wachoraji wa kampuni ya Touring ya Milan, bodi za kwanza zikaundwa na kampuni ya Vignale mjini Turin, kisha kazi ikahamishiwa West Bromwich. Injini wakanunua Marekani kwa Chrysler, V8, yaani ya silinda nane, ya lita 6.3, pamoja na gia otomatiki ya kasi tatu. Gari likaonyeshwa London mwaka 1966. Umbo la Kiitaliano, moyo wa Kimarekani, mikono ya watu wa West Bromwich.

Waingereza wana jina la gari la aina hii, wamelirithi kutoka kwa Waitaliano: gran turismo. Mimi huliita gari la masafa. Halikuundwa kwa mashindano wala kwa kwenda dukani. Limeundwa ili watu wawili waweke masanduku yao nyuma, watoke London asubuhi, na jioni wawe mbali kusini mwa Ufaransa bila mgongo kuuma. Ukilijua hilo, utajua pia uliangalie vipi linapouzwa: gari la masafa lililokaa miaka likitembezwa maili mbili mbili lina magonjwa yake, tofauti na lililosafiri.

Basi, Februari 2011 nikaenda kuliona.

Mvua ilikuwa inanyesha, na hilo ndilo kosa la kwanza. Fundi wa bodi anaangalia bati likiwa kavu, anachuchumaa pembeni na kuacha mwanga utelezee juu yake. Hapo mawimbi yote yanajitokeza, na mlango uliopakwa rangi peke yake unajulikana. Gari lililolowa linang'aa lote sawasawa. Niliyajua hayo. Nilikuwa nimeyafundisha watu. Lakini nilikuwa nimeendesha saa mbili na nusu kufika pale, na moyo ulishatangulia.

Kosa la pili nililigusa kwa mkono wangu. Niliweka kiganja juu ya boneti, likawa la moto. Muuzaji akasema amelizungusha kidogo ili liwe tayari. Injini yenye joto inaficha siri zote za asubuhi: moshi wa kuwashia, vyuma vinavyogonga kabla oili haijapanda, betri dhaifu, kabureta isiyotaka kuamka. Siku hizi mtu akiniomba nikamkagulie gari, humpigia muuzaji simu usiku wa kuamkia siku hiyo na kumwomba asiliguse. Nikifika nikakuta la moto, sigombani na mtu. Nasubiri lipoe, hata kama ni saa tatu.

La tatu ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipiga goti kugonga kizingiti, ile sehemu ya chini ya mlango unayoivuka ukiingia, kwa sababu kwenye magari haya kutu huanzia hapo. Nikagonga. Kikaitika vizuri, kama kengele. Nikasimama nimeridhika. Interceptor ina kifuniko kirefu cha chuma kisichoshika kutu kinachofunika kizingiti chote kwa nje, kama pambo. Nilikuwa nimegonga kifuniko. Bati lenyewe lilikuwa nyuma yake, na sikulisikiliza.

Kisha nikalala chini na tochi. Sehemu yote ya chini ilikuwa imepakwa lami nyeusi, mpya, nene, nadhifu. Nikaambiwa gari limekingwa dhidi ya kutu. Cheti cha ukaguzi wa mwaka kilikuwepo, halali kabisa, lakini mkaguzi haruhusiwi kufungua kifuniko wala kukwangua lami, anapima kinachoonekana. Na muuzaji alinipa faili la risiti nene kama msahafu. Nililifungua harakaharaka nikaona ngozi mpya ya viti, kromu ya bampa, kabureta, betri, matairi, feni. Nilivutiwa na wingi wake. Sikujiuliza ni risiti gani ambayo haimo. Gari lina miaka 41, limeishi kwenye nchi ya chumvi, na katika faili lote lile hakuna risiti hata moja ya kuchomelea.

Wazee wetu walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliendesha dakika kumi, V8 ikinguruma chini chini, nikalipa pauni 9,200.

Machi niliondoa vifuniko vya vizingiti. Skrubu mbili zilitoka na bati lake. Niliingiza bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Nikawasha grainda, na kilichotoka ndani nitakieleza kwa mpangilio wake, kwa sababu ni kama kusoma kitabu cha maisha ya gari: kwanza puti, unene wa kidole gumba, chini ya puti, wavu wa nyaya, nyuma ya wavu, povu gumu la kuziba nyufa za nyumba, ndani ya povu, bati jipya lililochomelewa juu ya bati lililooza, na ndani kabisa, unga mwekundu. Nikapima kwa macho nikaona kwamba watu watatu tofauti, kwa nyakati tatu tofauti, walikuwa wamelipaka gari hili vipodozi ili wamuuzie anayefuata. Mimi nilikuwa mtu wa nne kwenye foleni, na nilikuwa fundi.

Mke wangu alikuja gereji usiku ule na sahani ya wali. Akaangalia lile shimo, akaniuliza swali moja: "Chini yake pazima?" Lilikuwa swali sahihi. Interceptor imesimama juu ya fremu ya mabomba makubwa ya chuma yanayopita chini ya gari kwa urefu, na bodi ya bati imejengwa juu yake. Mabomba yakioza, gari limekwisha. Nikakwangua lami yote, kazi ya wikiendi nne. Mabomba yalikuwa mazima isipokuwa sehemu mbili za nyuma. Hapo ndipo nilipoamua kuendelea.

Nilijifunza kwenye kazi ile kwamba ukikuta kutu usianze na bati, anza na maji: yanaingilia wapi? Nilikuwa nimeshaweka bati jipya kwenye upinde wa gurudumu la nyuma, upande wa kushoto, na baada ya mvua moja nikakuta maji yamesimama ndani. Yalikuwa yanapita kwenye raba ya kile kioo cha nyuma nilichokipenda, yanateremka ndani ya kuta za buti, yanatulia juu ya upinde. Bodi ile ilikuwa imeozea ndani ikija nje kwa miaka mingi, na kila fundi aliyetangulia alitibu jeraha asiangalie mfereji. Nilitoa kioo chote, na siku ile sikutaka mtu yeyote anisemeshe kwa sababu kioo kikivunjika kukipata kingine ni safari na bei yake inatisha. Nikaweka raba mpya. Nikamwagia maji kwa mpira saa nzima, mke wangu amekaa ndani ya buti na tochi. Hakuna tone lililoingia.

Jambo la pili nililojifunza lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa amefanya kazi Kelvin Way akiwa kijana. Tulikutana kwa bahati, alikuja karakana kwetu na gari la mjukuu wake. Nilikuwa nimenunua mlango wa mtumba kutoka kwenye Interceptor iliyobomolewa, na ulikataa kukaa. Nilitengeneza bawaba, nikapiga nyundo, nikakaribia kulia. Mzee akaniambia nisihangaike: pale kiwandani kila gari lilikuwa linafungiwa milango yake kwa mkono, na pale palipobaki pengo walijaza risasi iliyoyeyushwa, wakailainisha kwa kibao cha mti kilichopakwa shahamu, wakachonga mpaka mstari ukanyooka. Kwa hiyo mlango wa gari moja ni wa gari hilo peke yake. Alikuja Jumamosi tatu kunionyesha. Mkono wake ulitetemeka akishika kikombe, lakini akishika kibao ulitulia. Moto usizidi, risasi isidondoke, shahamu isikauke, barakoa usoni na mlango wazi kwa ajili ya mvuke wake. Nimefanya kazi ya bodi miaka zaidi ya thelathini, na Jumamosi zile tatu nilikuwa mwanafunzi tena, kama Ngamiani.

Injini haikunisumbua sana, na hili nawaambia vijana. V8 ile ya Chrysler ilitumika Marekani kwenye Dodge na Plymouth za watu wa kawaida, spea zake zipo, bei zake za kibinadamu. Ni injini ya uvumilivu. Kinachosumbua ni joto: injini kubwa imebanwa kwenye chumba kidogo, na ukikaa kwenye foleni siku ya jua mshale unapanda. Nilisafisha rejeta, nikabadilisha thamostati, nikafunga feni mbili zenye nguvu. Waya za umeme pia zilinila muda, maana kila mwenye gari aliongeza waya wake bila kuondoa wa zamani. Lakini haya yote ni mambo ya spana na subira. Bati lilinichukua miaka minne.

Nilipojumlisha, pamoja na bei ya kununulia, zilinitoka pauni 27,000, bila kuhesabu jasho langu. Kwa fedha hizo, mwaka 2011, ningenunua Interceptor nzima, kavu, iliyotunzwa, na miaka hiyo minne ningekuwa barabarani. Kama wewe si fundi, zidisha, kwa sababu saa zangu zingekuwa bili yako.

Hata hivyo Juni 2015 tuliondoka Smethwick saa kumi na moja alfajiri, mimi na mke wangu, masanduku mawili chini ya kile kioo, tukashika barabara ya M6 kwenda Scotland. Nataka nieleze hisia yake. Kwenye kilomita 110 kwa saa injini haifiki mizunguko 3,000 kwa dakika. Iko kama mtu mkubwa anayetembea kwa raha akiongea na mwenzake. Husikii haraka. Vilima vya Cumbria vilipoanza, niligusa tu kanyagio, na gari likapanda bila kubadilisha pumzi. Mke wangu alilala mpaka Carlisle. Tulipofika milimani Scotland jioni, nilishuka na mgongo haukuuma. Mafuta lilikunywa zaidi ya lita 20 kwa kila kilomita 100, na ndiyo moja ya sababu Jensen haikufika mbali: mwaka 1973 bei ya mafuta ilipopanda duniani, watu waliacha kununua magari ya namna hii, na mwaka 1976 kiwanda kilifungwa.

Baada ya safari ile watu walianza kuniita nikawakagulie. Nimekwenda na sumaku yangu, kitambaa, tochi na godoro dogo la kulalia chini. Mara nyingi jibu langu lilikuwa hapana. Shemeji yangu wa Coventry alikasirika miezi miwili nilipomkataza kununua moja nyekundu aliyoipenda. Sumaku ilikuwa inateleza kwenye upinde wa nyuma kama iko juu ya kioo, maana sumaku haishiki puti. Mwingine alitaka kuuziwa gari kwa bei ya SP, toleo la nguvu la 1971 lenye injini ya lita 7.2 na kabureta tatu. Nembo ilikuwepo nyuma. Kabureta ilikuwa moja. Sasa, hilo peke yake si ushahidi, kwa sababu wenye SP wengi walizitoa zile tatu kwa usumbufu wake wakaweka moja. Nembo pia si ushahidi, inanunuliwa kama pambo. Tulichukua namba ya chesisi kwenye kibati chake tukailinganisha na kadi ya gari na kumbukumbu za wanaoyajua magari haya. Halikuwa SP. Hivyo hivyo kwa FF, ile adimu ya magurudumu yote manne kuvuta na breki zisizoyaacha magurudumu yajifunge na kuteleza, teknolojia waliyoichukua kwenye ndege. Zilitengenezwa 320 tu. FF ina matundu mawili ya hewa nyuma ya gurudumu la mbele, Interceptor ya kawaida ina moja. Mtu anaweza kutoboa tundu la pili. Urefu wa gari hawezi kuuongeza, na FF ni ndefu zaidi kwa kama sentimita kumi.

Mwaka 2018 sheria ya hapa ilibadilika, magari yaliyozidi miaka 40 yakasamehewa ukaguzi wa kila mwaka mradi hayajabadilishwa sana. Wengi walifurahi. Mimi niliendelea kulipeleka langu kila Mei, kwa hiari, kwa sababu karatasi ya mtu wa pembeni ni ushahidi, na nilijua siku moja nitaliuza.

Siku hiyo ilikuja na goti. Nina miaka 61. Nikishalala chini ya gari, kuinuka ni kazi, na gari hili linataka mtu wa kulala chini. Nilimwambia mke wangu kwenye chakula. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi muuzie mtu atakayeliendesha."

Nikaanza kuandika tangazo. Shemeji, ambaye sasa alikuwa amenisamehe, akakaa nami. Niliandika makosa ya gari kwanza: kioo cha umeme cha upande wa dereva ni kizito wakati wa baridi, rangi ina malengelenge madogo matatu chini ya mlango wa kulia, mshale wa mafuta unadanganya robo ya mwisho, hupanda joto kwenye foleni ndefu. Yalifika kumi na moja.

"Shemeji," akasema, "unauza gari au unalishitaki? Kizuri chajiuza."

"Kinajiuza kikionekana, shemeji."

"Mteja atapunguza bei."

"Apunguze akiwa anajua. Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Sitamfungia mwenzangu gunia."

Tulibishana mpaka usiku. Alikuwa na hoja: anayeandika makosa yake kwenye soko ambalo wengine wanaficha anaonekana ana gari bovu kuliko wote. Sikuwa na jibu la hilo, na sijalipata. Niliandika hivyo hivyo. Picha nilipiga siku kavu ya mawingu, pamoja na picha zote za 2011 mpaka 2015, mashimo, povu, wavu, mabomba, risasi ikiwa bado haijachongwa. Vifuniko vya vizingiti niliviondoa nikaviweka kwenye buti, ili atakayekuja agonge bati lenyewe. Bei nikaandika pauni 36,000.

Wiki mbili za mwanzo zilimthibitishia shemeji maneno yake. Mmoja alitoa nusu ya bei kwenye simu bila kuliona. Mwingine alitaka kutuma fedha kwa wakala ambaye hakuna anayemjua. Wawili walisoma orodha ya makosa wakaniambia asante.

Jumapili ya tatu alikuja mama mmoja na binti yake kutoka kaskazini. Mama alikuwa analipenda Interceptor tangu utotoni, baba yake alikuwa anamwonyesha barabarani. Binti, wa miaka kama 25, hakusema mengi. Alivua koti, akatandika godoro langu, akaingia chini ya gari na tochi kwa dakika arobaini. Alitoka, akapiga goti kwenye kizingiti cha kushoto, akakunja kidole akagonga, taratibu, mpaka mwisho. Akahamia cha kulia. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kisha akafungua mlango wa abiria, akaingiza mkono chini ya zulia la miguuni, akautoa, akanusa vidole.

"Hita inavuja," alisema.

Ilikuwa kweli. Mrija wa hita ulikuwa umeanza kutoa jasho, na halikuwa kwenye orodha yangu, sikulijua. Nilishusha pauni 400 kabla hawajaniomba. Mama akaangalia binti, binti akatikisa kichwa kukubali. Wakalala hoteli ya karibu, asubuhi walirudi wakalikuta la baridi, wakaliwasha wenyewe.

Nilimpa faili, na ndani yake risiti za kuchomelea ziko mbele. Nilimwonyesha mirija ya mafuta niliyoibadilisha baada ya petroli yenye asilimia 10 ya ethanoli kuingia vituoni mwaka 2021, kwa sababu inakula raba za zamani. Nikamwambia aweke ile yenye ethanoli kidogo, ingawa ni ghali. Nikampa namba yangu ya simu, na mke wangu akawapa sambusa za safari.

Agosti, Ijumaa saa tisa mchana, simu ikalia. Alikuwa binti. Walikuwa M6, foleni imesimama kabisa, jua kali, mshale unakwenda kwenye alama nyekundu na mama yake anataka kuzima injini. Nilimwambia asizime, ukizima sasa feni na pampu ya maji vinasimama na joto linabaki ndani. Toa gia, nikamwambia. Shusha vioo vyote. Washa hita mpaka mwisho, na feni yake mpaka mwisho. Alifikiri hakunisikia vizuri. Nikarudia: hita. Ile ni rejeta ya pili, inayatoa maji joto lake.

Nilisikia upepo wa hita kwenye simu, na sauti ya mama ikilalamika kwamba anaiva. Nilisimama jikoni nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa nauona ule mshale.

"Umesimama," binti alisema. Kisha, baada ya muda, "Unarudi."

Hatukukata. Tulikaa kwenye simu mpaka foleni ikaanza kusogea, na nikaisikia ile V8 ikiondoka bila haraka.